Kabla ya kutandaza matofali, tuulize maji yatakwenda wapi



Masika yanapokwisha na ardhi kuanza kukauka, kazi moja hushamiri katika mitaa yetu, nayo ni kutandaza matofali ya zege kati ya geti na mlango wa nyumba. Mafundi wa Dar es Salaam huyaita pevingi, na ndugu zetu wa Mombasa na Nairobi huyaita kabro. Familia iliyokwisha kuhamia katika nyumba yake, ikavumilia tope la misimu miwili au mitatu, hukusanya akiba na kuamua kwamba mwaka huu gari halitazama tena na wageni hawatavua viatu getini.

Uamuzi huo ni mwema. Wasiwasi wetu ni kwamba wengi wa wanaotuuliza juu ya jambo hili huanza na rangi. Huuliza kama nyekundu hupauka upesi kuliko kijivu, au kama umbo la mawimbi limepitwa na wakati. Rangi ina nafasi yake, nasi tutaifikia. Lakini tofali la njia ya gari huchaguliwa kwa maswali matatu yanayotangulia hilo: ni uzito gani utakaopita juu yake, ni ardhi gani iliyo chini yake, na maji ya mvua yatakayotiririka juu yake yatakwenda wapi. Mwenye nyumba akikosea jibu la swali la kwanza na la pili, hasara ni yake. Akikosea la tatu, hasara aghalabu huwa ya jirani.

Uzito utakaopita

Gari dogo la familia lina uzito wa tani moja hadi mbili hivi. Kama hilo ndilo pekee litakaloingia, tofali lenye unene wa sentimita 6 hutosha, mradi msingi wake umeandaliwa vizuri. Tofali jembamba kuliko hilo liachiwe vijia vya waenda kwa miguu.

Lakini tuwe wakweli kuhusu magari yanayoingia katika nyumba zetu. Maji ya bomba yakikatika, huitwa boza. Boza la lita 10,000 hubeba tani 10 za maji peke yake, kabla ya kuhesabu uzito wa gari lenyewe. Shimo la maji taka likijaa, huja gari la kunyonya, nalo huondoka likiwa zito kuliko lilivyoingia. Tukitaka kuongeza chumba, huja lori la mchanga na kokoto. Magari hayo hayaji kila siku, lakini safari moja tu ya lori juu ya tofali jembamba lililolala juu ya ardhi laini huacha mifereji miwili ya matairi isiyofutika.

Kwa hiyo, ikiwa magari mazito yatapita, tuchague tofali la sentimita 8. Familia isiyo na uwezo wa kuliweka eneo zima inaweza kuliweka kwenye mkondo wa magari tu, na pembeni ikatumia la sentimita 6. Fundi atachimba zaidi kidogo pale penye tofali nene ili uso wote uwe sawa. Na ikiwa nyumba bado inajengwa, lililo bora zaidi ni kuliweka shimo la maji taka karibu na geti, ili gari la kunyonya libaki nje na mpira wake pekee ndio uingie.

Aina za vifaa

Tofali la zege si chaguo pekee. Mtu anaweza kumwaga jamvi zima la zege. Hilo ni imara likijengwa na fundi anayelijua, lakini bomba likipasuka chini yake halina budi kuvunjwa, na kiraka chake huonekana maisha yote. Matofali ya kutandaza hung'olewa moja moja, bomba likatengenezwa, kisha yakarudishwa mahali pake bila kuacha alama. Kwa nyumba ambazo mabomba ya maji na ya choo hupita mbele ya mlango, faida hiyo si ndogo.

Mawe ya asili hupendeza na hudumu kuliko wajenzi wake, ila yanahitaji fundi stadi, na uso wake usipokuwa sawa humsumbua mzee mwenye mkongojo. Kokoto zilizotandazwa ndizo rahisi kuliko vyote, na maji hupenya kati yake bila shida. Udhaifu wake ni kwamba husambaa, na penye mteremko mkali huondoka na mvua. Vigae laini vya sakafu, ambavyo baadhi yetu huvitandaza hadi nje kwa kupenda mng'ao, havifai kabisa kwa njia ya gari. Vikilowa huteleza, na wa kwanza kuanguka ni mtoto akimbiaye au mzazi atokaye alfajiri kwenda msikitini ilhali bado kuna giza.

Kuna pia matofali yenye matundu, ambamo hujazwa udongo na kuoteshwa nyasi. Gari hupita juu ya zege, na mvua huingia ardhini kupitia matundu. Na ipo njia nyingine ambayo wengi wameisahau: kutandaza mistari miwili tu ya kupitishia matairi, kila mmoja ukiwa na upana wa sentimita 60 au 70, na kuacha katikati nyasi au kokoto. Tuchukue mfano wa njia yenye urefu wa mita 12 na upana wa mita 4. Ikitandazwa yote ni mita za mraba 48. Mistari miwili ya sentimita 60 ni mita za mraba 14.4 tu, yaani chini ya theluthi. Mwenye kuogopa israfu aipime njia hii kabla ya kuikataa, kwani gari halihitaji zaidi ya pale yanapokanyaga matairi yake.

Kulijua tofali kabla ya kulinunua

Katika viwanda vidogo vya kando ya barabara, matofali mema na mabaya hupangwa kwa mtindo mmoja na hupakwa rangi ileile. Anayeyatofautisha ni mnunuzi mwenye subira. Tunashauri aende mwenyewe, au amtume mtu anayemwamini, akiwa na vitu vitatu: futi ya kupimia, msumari na mzani.

Kwanza apime unene. Achukue matofali kama kumi kutoka sehemu mbalimbali za rundo, si yale ya juu pekee yaliyochaguliwa yaonekane. Yakitofautiana kwa milimita nyingi, uso wa njia hautakuwa sawa hata fundi awe hodari namna gani.

Pili apime uzito. Tofali la mstatili lenye urefu wa sentimita 20, upana wa sentimita 10 na unene wa sentimita 6, likishindiliwa ipasavyo kiwandani, huwa na uzito wa karibu kilo 2.6 hadi 2.8. Lile la unene wa sentimita 8 hukaribia kilo 3.6. Likiwa jepesi sana kuliko hapo, ndani yake kuna matundu mengi ya hewa, maana yake halikushindiliwa vya kutosha au mchanganyiko wake una walakini.

Tatu aligonganishe tofali na lenzake. Lililo zima hutoa sauti ya mlio mkali. Lililo dhaifu hutoa sauti nzito iliyokufa. Kisha akwaruze uso na pembe kwa msumari. Pakitoka unga mwingi, saruji ilikuwa haba, au tofali lilinyimwa maji lilipokuwa likikomaa.

Nne aombe kuvunja tofali moja na kutazama ndani. Ataona kama rangi imeingia katika zege au imepakwa juu tu kama poda. Rangi iliyopakwa juu huondoka na matairi. Ile iliyochanganywa katika tabaka la juu la zege, au katika tofali zima, hufifia polepole lakini haibanduki. Muuzaji anayekataa kuvunja tofali moja mbele ya mtu anayetaka kununua elfu mbili amekwisha kumjibu.

Tano, akirudi nyumbani na matofali mawili au matatu ya mfano, ayakaushe vizuri, ayapime, ayaloweke ndani ya ndoo ya maji siku nzima, ayafute uso na kuyapima tena. Kiwango cha Ulaya cha matofali haya kina daraja linaloruhusu tofali kunywa maji yasiyozidi asilimia 6 ya uzito wake. Kwa tofali la kilo 2.7 hiyo ni gramu 160 hivi. Kipimo cha mzani wa jikoni si kipimo cha maabara, lakini tofali likiongezeka gramu 300 hahitajiki mhandisi kutueleza kwamba limejaa matundu. Kwa eneo kubwa, kama uwanja wa msikiti au madrasa, gharama ya kuyapeleka matofali machache maabara yakapimwe nguvu ni ndogo ukilinganisha na fedha za wachangiaji zilizo hatarini.

Na asisahau kuuliza tarehe ambayo matofali yalifyatuliwa. Zege haliwi zege kamili siku linapokauka mkononi. Huhitaji kumwagiliwa na kufunikwa walau siku saba, na nguvu yake hupimwa rasmi likifikisha siku 28. Matofali yaliyofyatuliwa Jumatatu na kuuzwa Alhamisi, baada ya kuanikwa juani bila tone la maji, yamenyimwa haki yake, na ataadhirika nayo mnunuzi. Aliye na nafasi na ayaagize mapema, kisha ayaache yakomae.

Neno moja kuhusu weupe unaotokea juu ya matofali mapya baada ya mvua za mwanzo. Wengi hudhani wameuziwa matofali yenye chumvi. Aghalabu huo ni ute wa chokaa ya saruji unaopanda na maji na kukauka juu. Hauudhuru uimara, nao hupungua kadiri mvua zinavyopita na kwa kusugua kwa brashi ngumu.

Kilicho chini ya tofali

Tofali bora kabisa likiwekwa juu ya udongo laini litazama, na tofali la kawaida likiwekwa juu ya msingi ulioshindiliwa litadumu. Uzito wa gari haubebwi na tofali peke yake. Tofali huusambaza tu kwa kilicho chini yake.

Kazi ya haki huenda hivi. Fundi huondoa udongo wa juu wenye mizizi na takataka, hadi afikie ardhi ngumu. Huushindilia, kisha huweka tabaka la moramu au kokoto zilizochanganyika na vumbi la mawe, lenye unene wa sentimita 10 hadi 15 kwa njia ya gari dogo, na zaidi ya hapo kwa malori au penye udongo laini. Udongo mweusi wa mfinyanzi, unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka, unahitaji uangalifu wa pekee, na penye udongo huo ni busara kumwita mhandisi. Tabaka hilo hushindiliwa kwa mashine, kidogo kidogo, huku likinyunyiziwa maji. Kupiga kwa gogo hakutoshi pale patakapopita gari.

Juu ya tabaka hilo ndipo huja mchanga wa kulazia matofali, wenye chembe kubwa na usio na udongo, unene wake ukiwa sentimita 3 hivi. Hapa ndipo mafundi wazembe hujificha. Msingi ukiwa na mabonde, huyajaza kwa mchanga, pengine sentimita 8 au 10, na uso ukaonekana umenyooka siku ya makabidhiano. Mvua mbili zikipita, mchanga hujisogeza, na mabonde yote hurudi. Mwenye nyumba awepo siku msingi unapokamilika, kabla mchanga haujamwagwa, anyooshe kamba kutoka upande mmoja hadi mwingine na kutazama. Kasoro ambayo siku hiyo husahihishwa kwa toroli mbili za moramu, baadaye huwa ni kung'oa kila kitu.

Matofali yakishapangwa, pembeni huzuiwa kwa ukingo wa zege. Bila ukingo, safu ya nje husukumwa na matairi, ikatoka, na nyingine ikaifuata. Mwisho hufagiliwa mchanga mkavu mwembamba ndani ya mianya, na mashine ikapitishwa juu ili matofali yabanane. Wapo wanaomwaga uji wa saruji badala ya mchanga wakidhani wanaongeza nguvu. Njia ya matofali imeundwa ili kila tofali liweze kucheza kidogo sana bila kupasuka. Saruji katika mianya huvunjika upesi, na siku ya kutengeneza bomba matofali hayang'oki salama.

Kuhusu mpangilio, ule wa mifupa ya samaki, ambamo kila tofali humpa lenzake ubavu, ndio unaofaa zaidi magari. Gari linapokata kona au kufunga breki husukuma matofali upande mmoja. Mpangilio huo hauna mstari mrefu ulionyooka ambao msukumo unaweza kuufuata. Mipangilio mingine tuiachie vijia na barazani.

Maji yatakwenda wapi?

Tumefika kwenye swali ambalo, kwa maoni yetu, ndilo zito kuliko yote, nalo ndilo lisiloulizwa.

Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, katika tahadhari zake, huitaja mvua inayozidi milimita 50 ndani ya saa 24 kuwa ni mvua kubwa. Tuhesabu nyumba ya kawaida: paa la mita za mraba 120 na uwanja uliotandazwa wa mita za mraba 80. Mvua ya milimita 50 huangusha lita 6,000 juu ya paa na lita 4,000 juu ya uwanja. Jumla ni lita 10,000, sawa na lile boza tulilolitaja mwanzo, likiwa limefunguliwa bomba zote mbele ya ukuta wa jirani.

Kabla ya matofali, sehemu ya maji hayo iliingia ardhini, nyingine ikasimama katika vidimbwi na kukauka. Baada ya matofali yaliyobanana, karibu yote hukimbia, tena kwa kasi. Nyumba iliyo juu hukauka, na nyumba iliyo chini hupokea. Nani aliye chini? Mara nyingi ni yule aliyejenga zamani, kabla mtaa haujainuliwa kwa vifusi, na asiye na uwezo wa kuinua sakafu yake. Tunaona mitaani mwetu mama anayezuia maji mlangoni kwa magunia ya mchanga ilhali upande wa pili wa ukuta uwanja unang'aa. Hakuna aliyekusudia kumdhuru. Lakini maji hufuata mteremko, na mteremko uliwekwa na mtu.

Wakazi wa Dar es Salaam hawahitaji kukumbushwa mafuriko ya Desemba 2011, ambayo yaliwaua makumi ya watu na kuwahamisha wengi kutoka bonde la Msimbazi. Uwanja mmoja hausababishi mafuriko ya jiji. Lakini bonde hupokea kile ambacho maelfu ya viwanja vilivyo juu vimekataa kukinywa, na mitaro iliyozibwa haina pa kukipeleka.

Kwa familia ya Kiislamu, haki ya jirani haiishii katika kumpelekea chakula siku ya Idi. Kuondosha madhara ni kanuni mashuhuri kwa mafakihi wetu, na maji yanayoingia chumbani kwa mtu usiku wa manane ni madhara yasiyo na utata. Basi tufanye nini?

Kwanza, mteremko. Uso wa njia uinamishwe sentimita 2 kwa kila mita moja, kuelekea mahali tulipopachagua, si popote. Uso wote uwe chini ya sakafu ya nyumba kwa sentimita 15 angalau, ili maji yasiingie ndani wala unyevu usipande ukutani.

Pili, maji ya paa yakusanywe kwa michirizi hadi kwenye tangi. Kila lita iliyomo tangini haimo kwa jirani, na ni lita ambayo boza halitatuuzia.

Tatu, tuache ardhi ipumue. Ukanda wa udongo wenye nyasi au maua kando ya ukuta, hata wa upana wa mita moja, hunywa maji na kupunguza kasi yake. Penye udongo wa mchanga, kama sehemu nyingi za pwani, shimo lililojazwa mawe hupokea maji mengi na kuyazamisha taratibu. Shimo hilo liwe mbali na msingi wa nyumba, ukuta wa jirani, kisima na shimo la choo. Penye mfinyanzi shimo kama hilo hujaa na kubaki limejaa, hivyo tutegemee tangi na mtaro.

Nne, tusizibe mtaro wa barabara. Wengi hujenga mwinuko wa zege wa kuvukia gari kati ya geti na barabara, wakajaza kifusi ndani ya mtaro. Mtaro ni wa mtaa mzima. Aliye na haja ya kuvuka aweke kalvati pana la kutosha, na alisafishe kila kabla ya masika na vuli.

Tano, na hili halina gharama: kabla fundi hajaanza, tumwendee jirani wa upande wa chini. Tumwoneshe tunachokusudia, tumsikilize maji huwa yanapita wapi mvua ikinyesha. Yeye anayajua maji hayo kuliko fundi yeyote. Mazungumzo ya nusu saa barazani, kabla ya tofali la kwanza, yameokoa ujirani wa miaka mingi. Maji yakishamwagika hayazoleki, na maneno nayo ni hivyo hivyo.

Rangi, umbo na watu wa nyumbani

Sasa tunaweza kusema juu ya rangi. Matofali meusi na ya kijivu kilichokolea huchukua joto zaidi juani, na mtoto asiye na viatu atalijua hilo saa nane mchana. Rangi nyepesi hukaa baridi zaidi, ila huonesha madoa ya oili. Familia yenye gari linalovuja inaweza kuweka safu chache za rangi iliyokolea pale gari linapoegeshwa, na rangi nyepesi kwingineko.

Tuchague tofali lenye pembe za juu zilizokatwa kidogo, kwani halimeguki upesi. Uso wake uwe na ukwaru wa kutosha kuzuia kuteleza, lakini usiwe na mabonde yatakayomkwaza mwenye mkongojo au gurudumu la kiti cha mgonjwa. Karibu na bomba la kutawadhia, ambapo ardhi hulowa kutwa mara tano, ukwaru huo ni wa lazima, na ukungu wa kijani unaoota kivulini usuguliwe kila unapoonekana.

Hesabu na makubaliano

Matofali ya sentimita 20 kwa 10 huenea 50 katika mita moja ya mraba. Kwa njia yetu ya mita za mraba 48 hayo ni 2,400. Tuongeze asilimia 5 kwa yatakayokatwa na kuvunjika, tupate 2,520. Maumbo mengine yana hesabu nyingine, kwa hiyo bei ilinganishwe kwa mita ya mraba, kamwe si kwa tofali moja. Mchanga wa kulazia, kwa unene wa sentimita 3, ni karibu mita za ujazo 1.5. Msingi wa sentimita 15 ni mita za ujazo 7.2 baada ya kushindiliwa, hivyo kitakacholetwa na lori lazima kizidi hapo. Mwenye nyumba anayezijua hesabu hizi kabla ya kuzungumza na fundi hatadanganywa kirahisi, na fundi mwaminifu atafurahi kufanya kazi naye.

Kisha tuandikiane. Kuandikiana hakumaanishi kutoaminiana, bali ni adabu tuliyofundishwa katika mambo ya mali. Karatasi itaje unene wa tofali, unene wa msingi, mashine itakayotumika, mwelekeo wa mteremko, na nani atakayelipia matofali yakizama ndani ya msimu wa kwanza wa mvua. Malipo yagawanywe: sehemu msingi ukikamilika na kukaguliwa, sehemu matofali yakitandazwa, na kiasi kibaki hadi kazi nzima imwagiwe maji na kuonekana yanaelekea yalikokubaliwa. Na fundi akitimiza ahadi yake, alipwe siku hiyo hiyo, bila kuzungushwa.

Ikiwa fedha hazitoshi kwa yote, tupunguze eneo, tusipunguze msingi. Nusu ya njia iliyojengwa sawasawa inaweza kuendelezwa mwakani kwa matofali yale yale. Njia nzima iliyolala juu ya vumbi itang'olewa mwakani, na fedha zake zimekwenda. Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wahenga.

Msimu huu wa ukavu ndio wakati wake. Ramani ichorwe, jirani aulizwe, matofali yaagizwe na kuachwa yakomae, ili vuli ikianza kila tone lijue njia yake.

Wabillahi tawfiq.